Daftari la ajali la kituo lina majina ya watoto tu. Walezi tukiumia tunaandikwa wapi?

#1 Mlezi_wa_Wachanga

Wadau, habari zenu. Uzi huu ni mrefu kidogo, naomba mnivumilie, na mlio kwenye kazi ya kulea watoto vituoni mchangie bila kusita.

Nina miaka tisa kwenye kazi hii, na mingi nimeitumikia chumba cha wachanga, watoto wa kuanzia miezi sita hadi miaka miwili na kidogo. Wiki sita zilizopita niliumia mgongo kazini. Hakukuwa na kishindo wala kuanguka. Mtoto mmoja aliamka kabla ya wenzake, akasimama kitandani ameshika uzio, analia. Uzio wa mbele wa kitanda kile umekwama siku nyingi, haushuki. Nikainama juu yake, nikamshika mtoto kwapani, na nilipofika katikati ya kumnyanyua akasikia mlango unafunguliwa, akajirusha upande ule. Nikageuka naye ili asiniponyoke. Hapo ndipo nikasikia kama mshono wa nguo unaachia, kushoto kwa kiuno. Nilimtua salama. Mimi nikapiga magoti palepale, na nikabaki kwenye magoti karibu dakika kumi nikiwabembeleza wengine waliokuwa wanaamka, kwa sababu kusimama kulinishinda.

Siku ya tatu, maumivu yalipokuwa yameshuka hadi kwenye paja, nilikwenda kwa mkuu wa kituo. Swali lake la kwanza lilikuwa: una uhakika hukuumia nyumbani? Hakuuliza kwa ubaya, ni mtu mwema na tumeishi naye vizuri. Alifungua daftari la ajali atafute kumbukumbu ya siku ile. Haikuwepo, maana hata mimi sikuandika. Tukalipitia lote pamoja. Goti limechubuka, kidole kimebanwa na mlango, mtoto kang'atwa na mwenzake, yote yameandikwa vizuri na yana saa na sahihi ya mzazi. Miaka minne ya kurasa, na hakuna jina la mlezi hata moja.

Lakini mimi nimekuwepo miaka yote hiyo minne. Nimemwona mwenzetu akiteguka kifundo cha mguu alipokuwa anavuka geti dogo la mlangoni na mtoto mkononi. Nimemwona mwingine vidole vimepasuka hadi vinatoa damu kwa sababu ya dawa za kusafishia. Wawili waliacha kazi wakisema mgongo umewashinda. Hayo yote hayapo popote, kana kwamba hayakutokea.

Niliporudi kazini nikaanza kuhesabu. Nilibandika karatasi ukutani na kalamu ya risasi pembeni, nikawa nachora mstari kila ninaponyanyua mtoto kutoka sakafuni, kitandani, kwenye kiti au mezani. Zamu moja: mistari 71. Watoto wetu wana wastani wa kilo 10. Hizo ni kilo zaidi ya 700 kwa siku moja, na nilikuwa bado najihurumia mgongo.

Ninachotaka tujadili ni hiki: vituoni kwenu, mlezi akiumia inaandikwa? Na kama inaandikwa, kuna kinachobadilika?

#2 Zamu_ya_Jioni

Pole sana dada. Kwetu pia daftari ni la watoto.

Niongeze jambo ambalo watu wanaona aibu kulisema. Chumba changu nina watoto wanane na mara nyingi niko peke yangu saa mbili za mwisho. Siwezi kuwaacha niende chooni. Kwa hiyo nikaacha kunywa maji kuanzia mchana. Mwaka huu nimetibiwa maambukizi ya njia ya mkojo mara tatu, na mara ya tatu daktari aliniuliza nafanya kazi gani. Nilipomweleza akaandika kwenye cheti kwamba nipewe nafasi ya kwenda chooni. Cheti kile bado ninacho kwenye mkoba, naona haya kukipeleka.

#3 Tiba_ya_Viungo

Mtoa uzi pole, na asante kwa kuhesabu. Walezi wengi huja kwangu wakisema "nimezeeka mgongo" wakati wana miaka 32.

Nikueleze kilichotokea pale kitandani kwa namba, maana namba zitakusaidia mbele ya mkuu wako. Taasisi ya utafiti wa usalama na afya kazini ya Marekani ina mlinganyo wa kunyanyua mizigo, toleo lililorekebishwa mwaka 1991. Unaanza na kilo 23. Hiyo ni pale ambapo kila kitu kiko sawa: mzigo uko usawa wa kiuno, umegusana na mwili, una mahali pazuri pa kushika, hujipindi, na hunyanyui mara nyingi. Kila hali inayoharibika inapunguza zile kilo.

Umbali ndio unaokula zaidi. Mikono yako ikiwa sentimita 25 mbele ya vifundo vya miguu, hupotezi kitu. Ikifika sentimita 50, kilo 23 zinakuwa 11.5. Sasa simama mbele ya kitanda ambacho uzio wake haushuki, nyoosha mikono hadi kwa mtoto, upime. Utafika hizo 50 bila shida. Kisha ukageuka naye. Kujipinda nyuzi 45 kunakushusha tena hadi chini kidogo ya kilo 10. Hapo hatujagusa idadi ya mara 71. Mtoto wa miaka miwili ana kilo 12 hivi.

Na mlinganyo wenyewe ulitengenezwa kwa ajili ya maboksi, ambayo hayajirushi upande wa mlango.

Kwa hiyo uzio uliokwama ndio jeraha lako lilipoanzia. Mtu akikwambia "jifunze kunyanyua vizuri, kunja magoti", mwombe akuoneshe jinsi ya kukunja magoti huku uzio umekuzuia kifuani.

Yapo unayoweza kufanya mwenyewe. Msogeze mtoto hadi agusane na mwili wako kabla ya kumnyanyua. Geuza miguu, usigeuze kiuno. Mbebe katikati ya kifua, usimweke nyonga moja siku nzima. Ukiwa sakafuni piga goti moja, mtoto aje hadi kwenye paja lako, ndipo usimame naye. Anayeweza kutembea, atembee. Lakini haya yote yanakuja nyuma ya kutengeneza kitanda.

#4 Mwenye_Kituo

Nimesoma kwa makini. Mimi ni mmiliki wa kituo kidogo na naomba nisikilizwe bila kushambuliwa.

Tunapokaguliwa tunaulizwa habari za watoto: nafasi ya chumba, vyoo, uzio wa nje, kisanduku cha huduma ya kwanza. Sijawahi kuulizwa swali moja kuhusu mgongo wa mlezi. Ada wanazolipa wazazi nazijua na mishahara naijua. Nikiambiwa ninunue meza mpya, vitanda vipya na kuongeza mtu kila chumba, nitafunga. Glavu na sabuni ya mikono naona wengine wanawaachia walezi wajinunulie. Mimi sifanyi hivyo, ila naelewa wanaofanya.

Niambieni, kwa mtu mwenye pesa ndogo, aanzie wapi?

#5 Mlezi_wa_Wachanga

Mkuu, nashukuru umejitokeza, na swali lako ndilo hasa ninalolitaka.

Kwanza hilo la glavu. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, una kifungu cha 21 kinachosema hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi. Ni sentensi moja tu. Na mwezi Juni 2022 mkutano mkuu wa shirika hilo uliweka mazingira salama na yenye afya kazini miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi, ambazo kila nchi mwanachama inawajibika kuziheshimu hata kama haijaridhia mikataba yenyewe. Kwa hiyo mlezi kujinunulia glavu za kubadilishia nepi si jambo la kuelewana tu.

Kuhusu pesa ndogo. Baada ya kuhesabu ile mistari 71 niliangalia inatoka wapi. Ishirini na tatu ilikuwa ya kuwapandisha na kuwashusha kwenye meza ya nepi. Kumi na mbili, watoto wanaoweza kutembea ambao tunawabeba kwa sababu tuna haraka. Sita, kuokota mtoto aliyekuja hadi kwenye geti. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji kitanda kipya. Inayohitaji fundi ni moja, ule uzio.

Ukaguzi usipouliza, wewe uliza. Zunguka chumba kwa chumba na mlezi anayefanya kazi humo, mwambie akuoneshe anachofanya kuanzia asubuhi, na utazame mwili wake. Nusu saa kwa kila chumba inatosha.

#6 Nesi_Mstaafu

Wanangu, mgongo mmeuzungumzia vizuri. Naona magonjwa hayajaguswa.

Mwaka wa kwanza wa kazi hii mlezi huugua mfululizo, mafua, macho mekundu, kuhara. Wengi huona ni kawaida na huenda kazini hivyohivyo, kwa sababu asipoenda hakuna wa kushika nafasi yake. Akienda anawaambukiza watoto aliopewa kuwalinda.

Homa ya ini aina A inawadanganya sana. Watoto wengi walio chini ya miaka sita wakiipata hawageuki macho kuwa ya manjano, wala hawaonekani wagonjwa. Inapita kwenye nepi, inafika kwenye mkono wa mlezi, na mlezi mtu mzima ndiye anayelala kitandani wiki nyingi. Kituo kinaweza kujua kina ugonjwa pale tu mlezi au mzazi anapogeuka manjano. Chanjo yake ipo.

Mikono: sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20, kila baada ya nepi, kila baada ya kufuta kamasi, kabla ya chakula. Naona siku hizi vituo vinaning'iniza vitakasa mikono ukutani na kuona kazi imekwisha. Kitakasa chenye spiriti hakifanyi kazi vizuri kwa norovirusi, na hiyo ndiyo inayoangusha chumba kizima kwa kutapika na kuhara ndani ya siku mbili. Glavu nazo hazichukui nafasi ya kunawa. Ukizivua, nawa.

Mlezi anayeanza kazi aulizwe chanjo zake kabla hajakabidhiwa chumba. Surua na rubela, dozi mbili. Tetekuwanga kama hakuugua utotoni, maana ukimpata mtu mzima humchapa kuliko mtoto. Pepopunda. Homa ya ini B, kwa sababu watoto wanang'ata, na jino likitoboa ngozi damu inahusika. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi, aandikwe, na aende akaangaliwe siku hiyohiyo.

#7 Mama_Mtarajiwa

Nesi, samahani nikuulize hapahapa. Nina ujauzito wa wiki kumi na moja na niko chumba cha watoto wa mwaka mmoja hadi miwili. Kazini sijasema bado. Wenzangu wananiambia mimba si ugonjwa, nifanye kazi kama kawaida. Kuna cha kuogopa?

#8 Nesi_Mstaafu

Mwanangu, hongera. Usiogope, ila sema mapema. Mkuu wako hawezi kukukinga na jambo asilolijua.

Kuna kirusi kinaitwa saitomegalo. Watu wengi huambukizwa wakiwa wadogo wala hawajui. Mtoto wa umri wa watoto unaowalea akikipata anaweza kukitoa kwenye mate na mkojo kwa miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, huku anacheza vizuri kabisa. Mjamzito akikipata kwa mara ya kwanza anaweza kumwambukiza mtoto aliye tumboni, na ni miongoni mwa sababu kubwa za watoto kuzaliwa na tatizo la kusikia. Chanjo hakina. Huwezi kumjua mtoto mwenye nacho, kwa hiyo usianze kumkimbia mtoto fulani. Unachofanya ni hiki: kila mate na kila mkojo uhesabu kuwa nacho. Nawa kwa sabuni kila mara. Usimbusu mtoto mdomoni, mbusu kichwani. Usimalizie chakula chake, usitumie kijiko chake, usilambe chuchu bandia iliyoanguka ili kuisafisha. Najua walezi wanafanya hivyo, nimewaona.

Cha pili ni pavovirusi B19, ule ugonjwa wa mashavu mekundu kama mtoto kapigwa kofi. Kwa kawaida upele ukitokea, mtoto ameshamaliza kuambukiza, kwa hiyo kumtoa chumbani siku hiyo hakukusaidii sana. Ukisikia umeingia kituoni, nenda ukapimwe damu kujua kama una kinga, hasa ukiwa chini ya wiki 20.

Rubela na tetekuwanga: pima kinga yako sasa, kwenye kliniki ya kwanza. Chanjo ya rubela haitolewi wakati wa ujauzito, ndiyo maana nasema iulizwe siku ya kuajiriwa. Ukikaa chumba kimoja na mwenye tetekuwanga na huna kinga, usingoje vipele, nenda hospitali siku hiyo maana kuna tiba inayofaa mapema tu.

Mwisho, omba kuhamishiwa chumba cha watoto wakubwa ambao hawavai nepi. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unahusu ulinzi wa uzazi, na unasema mjamzito asilazimishwe kazi iliyothibitika kumdhuru yeye au mtoto wake. Kunyanyua watoto siku nzima nako kunahesabika.

#9 Mama_Mtarajiwa

Asante mama. Kesho asubuhi nitaongea naye kabla watoto hawajaanza kufika.

#10 Mikono_Iliyochubuka

Mimi ndiye wa aina ile aliyetajwa kwenye posti ya kwanza, vidole kupasuka. Sio kituo hichohicho, ila hadithi ni ileile.

Tulikuwa tunamimina dawa ya klorini kwenye ndoo kwa kukadiria. Ikinuka kali tunaona ni safi. Nilikuwa nafuta nayo meza ya nepi baada ya kila mtoto, mikono mitupu, na jioni nashindwa kufunga vifungo vya shati. Siku moja mwenzangu alimwaga chooni dawa ya kusafishia yenye asidi juu ya ile ya klorini. Mvuke uliotoka ulitukabili wote, macho yakawaka, kifua kikabana, tukakimbia na watoto nje. Klorini haichanganywi na asidi, haichanganywi na dawa yenye amonia, haichanganywi na chochote isipokuwa maji. Hilo nililijua siku hiyo.

Baadaye nilifundishwa na mtu wa maabara na tangu hapo sijabadilisha. Osha kwanza kwa sabuni na maji, kwa sababu uchafu unaimaliza nguvu klorini. Halafu ndipo utie dawa. Kama chupa imeandikwa asilimia 5, chukua kipimo kimoja cha dawa kwa vipimo 49 vya maji, yaani mililita 20 kwenye mililita 980. Hiyo inakupa asilimia 0.1, inatosha kwa meza na vitasa. Kwa damu inatumika kali zaidi, kipimo kimoja kwa tisa. Maji yawe ya baridi. Changanya ya siku hiyo tu, ya jana imeshapungua nguvu. Weka alama kwenye chupa, funika, weka juu ambapo mtoto hafiki, na usipulizie hewani wakati watoto wamo chumbani. Futa kwa kitambaa.

Glavu za mpira mrefu kwa kusafishia ni tofauti na zile nyembamba za nepi. Na mafuta ya kupaka mikono yawe pale pale penye sinki. Tulipoyaweka kwenye kabati hakuna aliyeyatumia.

#11 Mwalimu_wa_Muziki

Kelele mmeisahau. Naingia vituoni mara mbili kwa wiki na ninapotoka masikio yanavuma.

Kikomo kinachotumika sana ni desibeli 85 kwa saa nane. Kwa kanuni ya taasisi ileile ya Marekani iliyotajwa juu, kila ikipanda desibeli 3 muda unakatwa nusu, kwa hiyo 88 ni saa nne. Huna kipimo? Simama umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mwenzako. Kama unalazimika kupaza sauti akusikie, mko karibu na hizo 85.

Koo za walezi ndizo zinazolipa. Mlezi anapaza sauti ili asikike, watoto wanapaza zaidi, naye anapanda tena. Nenda hadi alipo mtoto, inama, mwambie kwa sauti ya kawaida. Vipande vya mpira au kitambaa kizito chini ya miguu ya viti, mkeka chini ya sehemu ya vitu vya kujengea, mapazia. Kundi moja nje, jingine ndani. Mwenye sauti iliyokauka zaidi ya wiki tatu aende akaangaliwe, na asijaribu kunong'ona siku nzima akidhani anapumzisha koo, kunong'ona kwa nguvu kunachosha vilevile.

#12 Mtumishi_wa_Watoto

Naheshimu yote yaliyosemwa, lakini naona tunakwenda mbali. Kulea ni wito. Mama nyumbani anabeba mtoto mgongoni na kuendelea na kazi, hana daftari. Tukianza kuhesabu kila tunapomnyanyua mtoto, mtoto atahisi kuwa ni mzigo. Mimi nina miaka 22 kwenye kazi hii na mgongo unaniuma, nimekubali.

#13 Mlezi_wa_Wachanga

Mama, shikamoo. Miaka 22 si midogo na najua umelea watoto ambao leo ni watu wazima.

Lakini mama wa nyumbani ana mtoto mmoja au wawili wa umri huo. Mimi nina sita, wote wanavaa nepi, na siwezi kusema huyu ataoga baadaye. Na sijawahi kumhesabu mtoto kwa kuchoka naye. Niliyemnyanyua siku ile ninampenda, na nilipokuwa kwenye magoti sakafuni wazo lililonitisha ni kwamba ningeweza kumwangusha. Mgongo ungeachia sekunde moja kabla, angepita juu ya uzio. Na angepita yeye, daftari lingeandikwa siku hiyohiyo.

Ninaomba nikuulize kwa heshima, mama. Hilo la mgongo wako ulilokubali, kuna aliyewahi kulijua zaidi yako?

#14 Mtumishi_wa_Watoto

Marahaba mwanangu. Hapana. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza.

#15 Seremala

Mimi si mlezi, mke wangu ndiye. Meza ya nepi niliitengeneza mwenyewe baada ya kuona anavyorudi nyumbani ameinama.

Kimo cha meza kiwe usawa wa kiwiko cha mlezi akisimama, au chini kidogo. Kama walezi wanapishana vimo, chukua wa katikati na umwekee mfupi kibao cha kusimamia kisichoteleza. Ngazi ya mtoto kupandia mezani iwe na hatua tatu au nne, kila moja sentimita 15 hadi 18, pana kiasi cha kuweka miguu yote miwili, vishikizo pande zote mbili, na ivutike kuingia chini ya meza ili isibaki nje mtoto akaipanda peke yake. Mtoto anayetembea vizuri atapanda mwenyewe, mlezi anaweka mkono nyuma yake tu. Mbao zilizobaki kwenye kazi nyingine zinatosha. Kingo zote zipigwe msasa hadi kiganja kipite bila kukwaruza.

Na lile geti. Kama mlezi analiruka badala ya kulifungua, komeo ndilo lenye kasoro. Lifunguke kwa mkono mmoja, kwa sababu mkono wa pili una mtoto.

#16 Zamu_ya_Jioni

Nimepeleka cheti. Kuanzia Jumatatu, mtu wa jikoni anakuja kusimama chumbani kwangu dakika kumi saa tisa na nusu, na tena saa kumi na moja. Kumbe aliwahi kupata mafunzo ya huduma ya kwanza na watoto wanampenda. Hakuna aliyeongezewa mshahara wala kuajiriwa. Nilibeba kile cheti miezi miwili.

#17 Mwenye_Kituo

Nimezunguka vyumba na walezi kama nilivyoshauriwa. Chumba cha pili nimegundua walezi wanakaa kwenye viti vya watoto siku nzima, magoti yako karibu na kidevu. Miaka sita napita mlangoni hapo na sijaona. Nimewatafutia viti vifupi vya watu wazima vyenye magurudumu. Pia nimekuta kikombe cha kinywaji cha moto kwenye rafu ya chini. Walezi hawana mahali pengine pa kunywea, kwa hiyo wanakunywa chumbani. Kinywaji cha moto kinaweza kumuunguza mtoto hata robo saa baada ya kumiminwa. Nimewapa kona ya stoo, nimeweka meza na viti, na zamu ya mapumziko imebandikwa ukutani.

Mtoa uzi, daftari lenu la walezi limeanza? Mmeandika vichwa gani vya safu?

#18 Mlezi_wa_Wachanga

Limeanza, mkuu. Wiki tatu sasa. Safu ni tarehe, saa, mahali, alikuwa anafanya nini, kilichomuumiza, sehemu ya mwili, na ya mwisho ni pana kuliko zote: kilichobadilishwa. Tumekubaliana kwamba mkuu wa kituo ndiye anayejaza hiyo ya mwisho kwa mkono wake, na ukurasa haufungwi ikiwa tupu. Tunaandika hata la kuponea, kama mtu kuteleza bila kuanguka.

Yameandikwa manne. Moja, mlezi kateleza kwenye maji ya sinki ya watoto. Mkeka wa mpira umewekwa. La pili na la tatu ni watu wawili tofauti, wote goti limegonga geti lilelile, siku nne kati yao. Hapo ndipo lilipoondolewa komeo la zamani. Mkuu wetu aliniambia asingejua kama yasingekuwa yamefuatana kwenye ukurasa mmoja.

La nne ni la kwangu. Sikuliandika mimi. Mkuu wetu ndiye aliyelirudisha nyuma kwa tarehe yake, na mwandiko ni wake: "Kitanda namba 4, uzio wa mbele umekwama, mlezi kaumia kiuno akimtoa mtoto." Kwenye safu ya mwisho kaandika fundi amekuja Alhamisi.

Nimeushusha na kuupandisha uzio ule mara tatu, kitanda kikiwa kitupu, kabla sijamlaza mtoto.